Maumbile si Pazia: Dhidi ya Uhakiki wa Mandhari Matupu

Katika tahakiki nyingi za riwaya zinazoandikwa na kufundishwa Afrika Mashariki, maumbile hutengewa aya moja. Mhakiki huanza na dhamira, akaingia katika wahusika, akagusa lugha na msuko, kisha, karibu na tamati, akaandika kichwa kidogo: "Mandhari". Hapo mito, milima, mvua na ukame huorodheshwa kama vyombo vya nyumba inayopigwa mnada, na kazi ikafungwa. Mwanafunzi anayefunzwa kuhakiki kwa njia hii huhitimu akiamini kwamba binadamu peke yao ndio watendao katika fasihi, na kwamba ardhi ni jukwaa la kusimamia tu. Imani hiyo ni potofu. Isitoshe, ina historia, na historia hiyo si ya kujivunia.

Historia yenyewe hudhihirika zaidi katika sinema. Filamu ya Out of Africa, iliyoongozwa na Sydney Pollack mwaka 1985 kutokana na maandishi na maisha ya Karen Blixen, ilitunukiwa tuzo 7 za Oscar, zikiwemo ile ya filamu bora na ile ya upigaji picha. Katika onyesho lake mashuhuri, wapenzi wawili wanapaa kwa ndege ndogo juu ya nchi pana. Chini yao kuna nyasi, maji, na heroe wanaoruka kwa makundi. Muziki unapanda. Mtazamaji anaombwa astaajabu, naye anastaajabu. Haombwi aulize imekuwaje nchi ile yenye malisho na maji ionekane haina wenyewe.

Jibu limo katika hati za serikali ya kikoloni. Mwaka 1904 Wamaasai walitiwa katika mkataba uliowaondoa katika malisho yao ya Bonde la Ufa ili walowezi wapate nafasi. Mwaka 1911 mkataba wa pili ukawaondoa Laikipia na kuwasukuma kusini. Blixen aliwasili nchini mwaka 1914, na mwaka uliofuata sheria mpya ya ardhi ikazidi kuitia mikononi mwa Ufalme wa Uingereza ardhi waliyoikalia Waafrika. Utupu unaopendeza machoni kutoka angani, basi, haukuletwa na maumbile. Uliletwa na kalamu. Kamera inapouonyesha kana kwamba ndivyo nchi ilivyoumbwa, inaikamilisha kazi ya kalamu ile.

Pengine itasemwa kwamba filamu haikuwasahau wenyeji, kwa kuwa Karen anaonyeshwa akipiga magoti mbele ya gavana kuwaombea Wakikuyu wa shambani mwake mahali pa kuishi. Ni kweli. Lakini onyesho hilo linathibitisha hoja badala ya kuipangua. Ardhi inapozungumzwa, inazungumzwa kama hisani itolewayo na mkubwa; inapotazamwa, inatazamwa kama uzuri usio na mdai. Filamu haithubutu kuyakutanisha mambo hayo mawili katika picha moja. Kitabu chenyewe cha mwaka 1937, pamoja na dosari zake zote, kina unyofu ambao picha za angani hazina: kinakiri mapema kwamba shamba lile la chini ya vilima vya Ngong lilikuwa juu mno kwa kahawa. Nchi ilikuwa na neno lake, na mlowezi alilazimika kulisikia. Mwaka 1931 aliondoka.

Mhakiki wa mandhari anafanya juu ya karatasi jambo lile lile lifanywalo na kamera ile angani. Anaipandia kazi ya fasihi kwa juu, anausifu uzuri wake, na kuyaacha madai yaliyomo.

Mfano wa wazi ni jinsi inavyosomwa riwaya ya Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, aliyoimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945 na ambayo ilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Wapo wanaolalamika kwamba maelezo yake marefu ya mimea, wanyama, kilimo na dawa ni ethnografia inayochelewesha hadithi. Lalamiko hili linafichua udhaifu wa msomaji. Mkewe amechukuliwa na wazazi wake kwa sababu ya matusi aliyopata kwa kukosa mtoto, na ili arudishiwe, Myombekere anatozwa pombe ya ndizi. Faini hiyo hailipwi kwa siku moja. Ndizi zina siku zake za kuvundikwa, kisha kukamuliwa, kisha pombe kuachwa ichachuke. Bugonoka naye anapata mimba baada ya tiba ya miti shamba. Ukiyatoa hayo, hakuna hadithi inayobaki ichelewe. Mgomba na mti wa dawa ndivyo vinavyoamua lini ndoa itapona na lini mtoto atazaliwa. Katika Ukerewe ya Kitereza, maumbile ndiyo saa ya msuko.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wahakiki wa mrengo wa kitabaka. Wao huhofia kwamba kuyapa maumbile nguvu ya utendaji ni kuwapunguzia lawama wanyonyaji: njaa itahusishwa na jua, na mwenye ghala atapona. Hofu hii ina msingi. Serikali ngapi zimeulaumu ukame kwa makosa ya watu! Hata hivyo, riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Petals of Blood (1977), imekwisha kuijibu. Ukame unapoipiga Ilmorog, wanakijiji wanafunga safari ya kwenda mjini kumtafuta mbunge wao, na hapo ndipo uongozi unapovuliwa nguo. Jua halimfichi mnyonyaji; linamwanika. Vivyo hivyo theng'eta, mmea ambao Bi. Nyakinyua anajua kuutengenezea kinywaji cha jadi, unaishia kuwa bidhaa ya kiwanda mikononi mwa matajiri, wakati shamba lake mwenyewe linatishiwa kuchukuliwa kwa deni la benki. Anayetaka kueleza ubepari wa Ilmorog bila kuufuata mmea huo ameiacha njia iliyochorwa na mwandishi mwenyewe.

Wala haidhaniwi kwamba sinema kwa asili yake haiwezi kuepuka kosa la Out of Africa. Wanuri Kahiu, katika filamu fupi ya Pumzi (2009), anaisawiri jamii iliyojifungia ndani baada ya vita vya maji, ambamo mkojo na jasho husafishwa vikanywewa tena. Wakubwa wanashikilia kwamba nje hakuna uhai. Asha, msimamizi wa makumbusho, analetewa udongo usiojulikana ulikotoka. Mbegu aliyoutilia inachipua. Kuanzia hapo mche mdogo una nguvu kuliko baraza zima, kwani kuwepo kwake tu kunalikanusha neno la serikali. Asha anatoroka, anavuka jangwa, anaupanda mche na kuunywesha mpaka jasho lake. Jangwa la Pumzi nalo ni nchi pana na tupu, lakini mtazamaji hapewi nafasi ya kulistarehekea. Analazimika kuuliza nani kalifanya tupu, na nani anafaidika watu wakiamini kwamba halitapona.

Maswali hayo ndiyo yanayostahili kuchukua mahali pa ile aya ya "Mandhari". Nani anaifanyia kazi ardhi hii, na nani ameondolewa ili ipendeze? Maumbile yanamkatalia nani jambo gani? Nani anapewa haki ya kuitazama nchi, na nani anapewa wajibu wa kuilima tu? Mwanafunzi wa uzamili anayewasilisha tasnifu iliyoorodhesha milima bila kuyauliza asipitishwe, na mwalimu aliyemfunza kuorodhesha asimlaumu. Katika nchi ambayo kesi za mashamba hurithiwa na wajukuu na watu wanaendelea kuhamishwa kutoka misituni, uhakiki unaoiita ardhi pazia umekwisha kuchagua upande, hata kama haujui.