HATUPANDI PAA LA ASBESTO BILA KARATASI



Leo nataka tuseme habari ya yale mapaa ya kijivu yaliyo juu ya nyumba nyingi za wafanyakazi, juu ya shule za watoto wetu na juu ya maghala ya zamani. Watu huyaita mabati, lakini si mabati. Bati ukiligonga hulia, na ukilikunja hukunjika. Hili halilii, ni zito, na likianguka huvunjika kama chungu. Ni simenti iliyochanganywa na asbesto, yaani jiwe lenye nyuzi linalochimbwa ardhini. Mara nyingi katika sehemu kumi za karatasi hiyo, tisa hivi ni simenti na moja hivi ni asbesto. Hiyo moja ndiyo inayoua.

Inaua namna gani? Karatasi ikikatwa kwa msumeno, ikitobolewa au ikivunjwa kwa nyundo, hutoa nyuzi nyembamba ambazo jicho halizioni. Mtu huzivuta pamoja na hewa. Zikiingia ndani ya mapafu hukaa humo, wala hakuna dawa ya kuzitoa. Huleta ugonjwa wa mapafu kukauka na kuwa magumu, huleta kansa ya mapafu, na huleta kansa ya ule utando unaozunguka mapafu. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba asbesto ya kila namna, nyeupe, ya buluu au ya kahawia, huleta kansa. Na anayevuta sigara pamoja na vumbi hilo amejiongezea hatari mara nyingi.

Wako wanaosema, "Haya ni mambo mapya ya wasomi." Si mapya hata kidogo! Mwaka 1924, katika mji wa Rochdale huko Uingereza, alikufa mama mmoja mfanyakazi wa kiwanda cha asbesto, jina lake Nellie Kershaw. Alikuwa na miaka 33 tu. Daktari alipasua mapafu yake akakuta vipande vya asbesto, na habari hiyo ikachapishwa katika gazeti la madaktari. Kampuni ilikataa kulipa fidia. Mwaka 1931 serikali ya Uingereza ilitunga kanuni za kupunguza vumbi katika viwanda vya namna hiyo. Mwaka 1960 madaktari wa Afrika Kusini walitoa habari ya wagonjwa 33 wenye kansa ya utando, karibu wote kutoka upande wa machimbo ya Cape. Baadhi yao hawakuchimba hata siku moja, ila waliishi karibu na machimbo.

Basi angalieni tarehe hizo. Wenye mali walikwisha jua, na bado karatasi hizo ziliendelea kuuzwa na kuezekwa Afrika miaka mingi baadaye. Uingereza wenyewe walipiga marufuku asbesto yote mwaka 1999. Afrika Kusini, waliokuwa wakiichimba, waliikataza mwaka 2008. Hapa Kenya Kanuni za Taka za mwaka 2006 ziliiweka katika hesabu ya taka za hatari. Lakini sheria ya kwenye kitabu haipandi juu ya paa. Anayepanda ni mfanyakazi.

Na hapo ndipo penye ugomvi wangu na matajiri. Paa likichakaa, hawaiti watu wenye leseni, kwa sababu ni ghali. Hutafuta vibarua wanne mlangoni, huwapa nyundo na mtaimbo, huwaambia, "Shusheni haraka, lori linangoja." Niliona kazi kama hiyo kwa tajiri mmoja nisiyemtaja. Vijana walifunga shati puani. Shati! Nyuzi zile zinapita katika shati kama samaki mdogo anavyopita katika wavu wa matundu makubwa. Jioni walikwenda nyumbani na nguo zile zile, wakawapakata watoto wao, na wake zao wakazikung'uta kabla ya kuzifua. Yajulikana katika nchi nyingi kwamba wanawake wamekufa kwa vumbi lililoletwa nyumbani katika nguo za waume zao.

Sasa sikilizeni jambo kubwa, maana ndilo lililonifanya niandike. Asbesto haina haraka. Anayevuta vumbi leo, ugonjwa waweza kuonekana baada ya miaka 20, 30 au 40. Hesabuni wenyewe. Kijana wa miaka 25 anayevunja paa mwaka huu ataanza kukosa pumzi akiwa na miaka 55 au 65. Wakati huo kampuni imekwisha badili jina, nyapara amekufa, na daftari la vibarua limeliwa na mchwa. Tunayo Sheria ya mwaka 2007 ya mafao kwa walioumia kazini, nayo huhesabu magonjwa ya kazi pamoja na majeraha. Lakini mzee yule akienda kudai ataulizwa: "Uthibitisho uko wapi kwamba ulifanya kazi hiyo?" Atajibu nini? Mwenye kukatwa kidole ana kovu la kuonyesha. Mwenye asbesto hana kovu, ana kikohozi tu, na kikohozi hakimtaji tajiri kwa jina.

Ndiyo maana nasema, silaha yetu ya kwanza ni karatasi. Jina la kila mtu anayegusa asbesto liandikwe siku hiyo hiyo, pamoja na tarehe, mahali, na jina la aliyempa kazi. Nakala moja ikae kwa tajiri, ya pili kwa mfanyakazi, ya tatu katika ofisi ya Chama. Tajiri asiyetaka kuandika anajua kwa nini hataki.

Wengine watanijibu, "Baba yangu alilala chini ya paa hilo miaka mingi, akafa kwa uzee." Sibishani naye. Paa zima lililotulia, lisilopasuka wala kumomonyoka, halitoi vumbi jingi. Sisemi mtu akimbie nyumba yake usiku huu, na atakayeshika nyundo kwa hofu alivunje mwenyewe atafanya vibaya kuliko kuliacha. Lakini kulala chini ya paa zima si sawa na kulivunja. Chui aliyelala si chui aliyekanyagwa mkia.

Kwa hiyo anayekaa chini ya paa kama hilo asilitoboe kwa msumari, asilisugue kuondoa ukungu, asifagie vipande vyake kwa ufagio mkavu. Asichukue karatasi kuukuu kujengea banda la kuku, wala asizisage kutengeneza njia ya matope. Pia angalieni dari bapa za zamani na mabomba ya zamani ya maji. Baadhi yao ni jamaa moja na paa hilo. Kama hujui, lihesabu kuwa asbesto mpaka wapimaji waseme sivyo.

Sisi tuliosoma shule za misheni twakumbuka Mambo ya Walawi, sura ya 14, habari ya nyumba yenye pigo. Mwenye nyumba alipaswa kutoa habari, nyumba ikaguliwe, na mawe mabaya yatupwe nje ya mji mahali palipotengwa. Hakuruhusiwa kumpa jirani mawe yale. Leo mtu anashusha paa la sumu mchana, na usiku analiuza kwa maskini wa kijiji cha pili. Watu wa jangwani walitushinda akili!

Basi nayaleta haya mbele ya matawi yote, yajadiliwe:

1. Kila tajiri aandike orodha ya majengo yake yote yenye asbesto, nyumba za wafanyakazi zikiwa za kwanza, na orodha ibandikwe mahali pa kusomeka.

2. Kazi ya kuishusha ifanywe na wenye ruhusa ya NEMA tu. Karatasi zilowanishwe maji, zishushwe nzima nzima, zifungwe katika plastiki nzito, zizikwe mahali palipokubaliwa na serikali.

3. Wafanyao kazi hiyo wapewe vipumulio vya kweli na nguo za kazi zisizokwenda nyumbani, na wakati huo wenye nyumba wahamishwe kwa gharama ya tajiri.

4. Daftari la majina, kama nilivyoeleza, na uchunguzi wa kifua kwa walioandikwa, hata baada ya kustaafu.

Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka iwepo kamati ya usalama. Ulizeni tawini kwenu: kamati iko? Imekaa lini? Sheria hiyo hiyo inampa mfanyakazi wajibu wa kumwambia mkubwa wake akiona hatari kubwa, na mkubwa hana ruhusa kumrudisha hapo kabla ya kuiondoa. Semeni mbele ya shahidi, na muandike.

Najua njaa. Najua kibarua anayekataa nyundo leo, kesho kuna mwingine mlangoni anayeitaka. Kwa hiyo asikatae peke yake. Mmoja akikataa ni mkaidi. Wote tukikataa ni Chama. Mficha maradhi kilio humfichua, nasi hatutaki kilio cha mwaka 2060 kwa kazi ya leo.

Hakuna jina katika daftari, hakuna mtu juu ya paa.

Mwenzenu katika Chama,
Fundi wa Karakana ya Reli