Kompyuta Isichukue Nafasi ya Jaribio

Katika miaka ya karibuni kompyuta zimeanza kuingia katika shule zetu nyingi za sekondari, baadhi kwa fedha za Serikali, nyingine kwa misaada ya wahisani, na nyingine kwa michango ya wazazi. Hilo ni jambo la kufurahisha. Hata hivyo kila chombo kipya huja na swali lake, na swali la kompyuta katika ufundishaji wa sayansi ni hili: je, mashine hii inakuja kumsaidia mwanafunzi afanye majaribio, au inakuja kumpumzisha asiyafanye? Maoni yangu, ambayo nitajaribu kuyatetea katika makala haya, ni kwamba kompyuta inastahili mahali pa heshima katika maabara ya shule, lakini mahali hapo ni baada ya mkono wa mwanafunzi, wala si badala yake.

Tulikotoka

Taifa letu halianzi leo kujadili mashine hizi. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya jitihada za kuhamishia hesabu za Serikali kwenye mashine kwenda mrama, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Baadaye marufuku hiyo ililegezwa, na mwaka 2003 ikatolewa Sera ya Taifa ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano. Funzo la historia hii si kwamba kompyuta ni kitu kibaya. Funzo ni kwamba mashine ikitangulia kabla ya kazi yake kupangwa, gharama huonekana upesi na faida huchelewa.

Wakati huohuo tunayo historia nyingine, ya maabara. Katika kampeni iliyopamba moto mwaka 2014, wananchi wa kata nyingi walijitolea fedha, mchanga, mawe na nguvu zao ili shule za sekondari za kata zipate maabara za fizikia, kemia na baiolojia. Lakini kusimamisha kuta ni jambo moja, na kuzijaza vifaa ni jambo jingine. Mahali ambapo chumba kipo na bureti hazipo, kuna kishawishi kikubwa cha kuleta kompyuta moja na kuwaonyesha wanafunzi jaribio likiigizwa kwenye skrini, kisha kuhesabu kwamba somo la vitendo limekwisha kufundishwa. Kishawishi hiki ndicho ninachokihofia.

Jiwe na uzi

Tuchukue mfano wa pendulumu, jaribio ambalo kila mwanafunzi wa fizikia analijua. Tuseme kundi moja la wanafunzi limefunga jiwe kwenye uzi, likapima kutoka kwenye msumari hadi pale jiwe linapoanzia, likapata meta 1 kamili. Mibembeo 20 ya kwenda na kurudi imechukua sekunde 40.6, yaani sekunde 2.03 kwa mbembeo mmoja. Wakitumia kanuni g = 4π²l/T², wanapata mchapuko wa uvutano wa dunia kuwa 9.58, kwa kipimo cha meta kwa sekunde ya mraba. Kitabu chao kinasema 9.8. Nyuso zinakunjamana.

Katika chumba cha pili, kundi jingine limeketi mbele ya skrini. Pendulumu ya kuchorwa inabembea kwa madaha, na jibu ni 9.81 leo, kesho na keshokutwa. Kundi hili halikukosea. Lakini pia halikupima kitu chochote. Limesoma tu namba ambayo mtunzi wa programu aliiweka ndani tangu awali. Zaidi ya hayo, namba yenyewe si ya kwetu. Thamani ya 9.81 ni ya latitudo za Ulaya. Dunia inajizungusha, tena imebonyea kidogo kwenye ncha zake. Kwa hiyo uvutano hufikia takriban 9.83 kwenye ncha hizo na takriban 9.78 kwenye ikweta. Sisi tulio karibu na ikweta, iwe Dar es Salaam au Mwanza, tunapaswa kutarajia 9.78. Mwanafunzi anayeamini skrini peke yake hatalijua hilo hata siku moja.

Sasa turudi kwa wale wa jiwe na uzi. Mwalimu mwema hatawaambia kwamba wamekosea, wala hatawaruhusu kufuta 9.58 na kuandika 9.8 ili kumfurahisha msahihishaji. Atawauliza: je, urefu wa pendulumu huishia wapi? Watatazama, watabishana, na mwishowe watatambua kwamba urefu huhesabiwa hadi katikati ya jiwe, nayo ni sentimeta 2 chini ya pale walipokoma kupima. Urefu wa kweli ni meta 1.02. Wakirudia hesabu watapata 9.77. Furaha ya dakika ile haipatikani kwa kutazama picha, kwa sababu hapo ndipo mwanafunzi anapogundua kwamba kosa halikuwa aibu, bali lilikuwa habari.

Hapa ndipo kompyuta inapoitwa

Je, kompyuta haina kazi katika jaribio hili? Inayo, tena kubwa. Wanafunzi warudie upimaji kwa urefu wa sentimeta 40, 60, 80, 100 na 120, kisha waingize namba zao katika programu ya majedwali na kuchora grafu ya T² dhidi ya urefu waliopima. Wataona mstari ulionyooka, lakini haupiti kwenye sifuri. Ukirefushwa, utaukata mhimili wa urefu takriban sentimeta 2 upande wa hasi. Jiwe limejifichua lenyewe! Tena mwinamo wa mstari huo utawapa thamani ya g isiyoathiriwa na kosa lao la kupima urefu, maana kosa lilikuwa lilelile kwa vipimo vyote.

Grafu hiyo yaweza kuchorwa kwa mkono, na kila mwanafunzi hana budi kuichora kwa mkono walau mara moja. Lakini kuweka pamoja vipimo vya makundi kumi na mawili, kulinganisha tofauti zao na kutafuta wastani, ni kazi inayoweza kumaliza vipindi viwili kwa kalamu na karatasi. Kompyuta huimaliza kwa dakika chache, na muda uliobaki hutumika kwa kufikiri. Kwa ajili hiyo haihitajiki kompyuta kwa kila mwanafunzi. Moja iliyo juu ya meza ya maabara na inayotumika kila wiki ina thamani kuliko arobaini zilizofungiwa kwa kufuli kwa kuogopa zisiharibike.

Kazi ya pili ya kompyuta ni kutufikisha mahali ambapo mkono haufiki. Hakuna mwanafunzi awezaye kushika molekuli za gesi, au kungoja sayari iimalize njia yake yote kuzunguka jua. Kwa mambo kama hayo maigizo ya kompyuta ni msaada mkubwa. Mwaka 2002 mwanafizikia Carl Wieman, aliyekuwa ameshiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2001, alianzisha katika Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, mradi wa PhET, ambao hutoa bure maigizo ya sayansi na hisabati; mengi kati yake yaweza kuhifadhiwa na kutumiwa bila intaneti. Vilevile, tangu mwaka 2016 wataalamu wa chuo kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, wanatoa bure programu iitwayo phyphox, ambayo huigeuza simu ya kisasa ya mwalimu kuwa chombo cha kupimia mchapuko na sauti. Ndugu msomaji atazame tofauti iliyopo: hapa simu haiigizi ulimwengu, inaupima.

Hoja ya wanaopinga

Wapo watakaosema: shule isiyo na vifaa ifanye nini? Je, si afadhali jaribio la kwenye skrini kuliko kukosa kabisa? Hoja hii ina uzito, nami siidharau. Lakini shule inayoweza kupata kompyuta na umeme wa kuiendesha haiwezi kushindwa kupata uzi na jiwe. Maji ya rozela yaliyochemshwa hubaki mekundu katika maji ya ndimu na hugeuka rangi ya kijani katika maji ya magadi. Hicho ni kiashirio cha asidi na alkali kinachopatikana sokoni. Vifaa ambavyo havina mbadala, kama bureti na mizani, gharama yake ilinganishwe kwa haki na ile ya kompyuta kabla ya kuamua kipi kitangulie.

Tusisahau pia kwamba mashine haifundishi kwa kuwapo kwake tu. Nchini Peru Serikali iligawa kompyuta ndogo kwa wanafunzi, na mwaka 2012 ulitolewa uchunguzi uliohusu shule za msingi 319 za vijijini. Watafiti waliona maendeleo kiasi katika majaribio ya uwezo wa kufikiri kwa jumla, lakini hawakuona tofauti katika hisabati wala katika lugha. Shule hizo si za sekondari, na Peru si Tanzania. Lakini onyo linatuhusu. Mwalimu asipoandaliwa, na somo lisipopangwa, kompyuta hubaki kuwa pambo la ghali.

Yatupasayo

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila jaribio linalowezekana kwa mikono lifanywe kwa mikono kabla ya kutazamwa kwenye skrini, na wanafunzi watabiri matokeo yake kwanza. Pili, mafunzo ya walimu kuhusu kompyuta yasiishie kwenye kuandika barua na kutayarisha mitihani, bali yafikie upimaji, majedwali na grafu. Tatu, wanaotoa alama za kazi za vitendo wamtuze mwanafunzi aliyeandika kwa uaminifu 9.58 akaeleza sababu yake, kuliko yule aliyenakili 9.8.

Nanyi wanafunzi, msingoje waraka wala mfadhili. Tafuteni uzi, tafuteni jiwe, pimeni. Mkiisha kupata namba zenu wenyewe, hapo ndipo mtakapokuwa na jambo la maana la kuiambia kompyuta.