Bingwa Hadaiwi

Jamani, nimechoka. Nimechoka na mabwana wa vijiweni ambao zikitajwa ngumi tu wanainua kidole na kutoa hukumu: "Ali bila Kinshasa si Ali." Eti kama Muhammad Ali angekomea mwaka 1967, pale aliponyang'anywa mkanda, leo tungemtia kapu moja na wale mabingwa wa msimu, vijana waliokuja na kelele wakaondoka na kelele. Juzi nimelisikia tena neno hilo kwa kinyozi, tena nikashindwa kulijibu maana wembe ulikuwa shingoni. Sasa wembe haupo. Najibu.

Kwanza tuelewane kesi yenyewe ni ipi. Siulizi nani zaidi ya nani katika historia nzima ya masumbwi. Hiyo waachieni wenye muda. Nauliza hivi: bingwa wa uzito wa juu akikatizwa njiani, ahukumiwe kwa aliyoyafanya au kwa yale ambayo hakupata nafasi ya kuyafanya? Mimi nasema kwa aliyoyafanya, basi. Hilo la pili si hesabu ndugu yangu, ni ramli.

Haya, tufungue daftari lake, na tulifunge tarehe 28 Aprili 1967. Mna nini humo? Mna kijana wa Louisville, mzaliwa wa Januari 1942, aliyerudi na dhahabu ya Olimpiki kutoka Roma mwaka 1960. Mna usiku wa tarehe 25 Februari 1964 kule Miami Beach, ambapo Sonny Liston, mtu aliyeogopwa na kila mwenye glavu, alibaki amekaa kwenye kona yake raundi ya saba ilipoitwa. Hakunyanyuka. Kijana alikuwa na miaka 22. Mna marudiano yao ya 1965 yaliyoisha raundi ya kwanza, na Floyd Patterson aliyeokolewa na refa raundi ya 12 mwishoni mwa mwaka huo huo. Halafu njoo 1966: George Chuvalo kule Toronto, Henry Cooper na Brian London kule London, Karl Mildenberger kule Frankfurt, Cleveland Williams kule Houston. Ubingwa wa dunia umetetewa mara tano ndani ya mwaka mmoja! Siku hizi bingwa akipanda ulingoni mara mbili kwa mwaka tunampigia vigelegele. Februari 1967 akampiga Ernie Terrell, Machi akampiga Zora Folley. Jumla mapigano 29, ushindi 29, ubingwa umetetewa mara tisa. Umri miaka 25.

Hilo ndilo daftari mnaloliita tupu.

Na aliondokaje? Hakumkimbia mtu. Jina lake liliitwa kule Houston aingie jeshini wakati wa vita ya Vietnam, akakataa kupiga hatua mbele. Wakamnyima leseni, wakamvua ubingwa, na mwezi Juni mahakama ikampa kifungo cha miaka mitano na faini ya dola 10,000. Jela hakwenda kwa kuwa alikata rufaa, lakini ulingo ulifungwa kwake kwa miaka mitatu na nusu. Ilipofika Juni 1971, Mahakama Kuu ya Marekani ikaifuta hukumu ile kwa kura nane kwa bila. Miaka iliyopotea nani alimrudishia? Hakuna. Miguu ya miaka 26 hairudishwi kwa barua ya mahakama.

Sasa nisikilizeni hoja yao iliyo nzito, maana sitaki kuambiwa nimepigana na kivuli. Wanasema: kabla ya 1967 hatukujua kama anaweza kuvumilia kipigo. Alikuwa akicheza tu, akikwepa na kuzunguka. Ni Joe Frazier aliyetuonyesha Machi 1971, alipomwangusha raundi ya 15 na yeye akaamka. Ni Ken Norton aliyemvunja taya 1973. Ni Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, alipojiegemeza kwenye kamba, akamwacha George Foreman amtwange mpaka mikono ya Foreman ikachoka yenyewe, kisha akammaliza raundi ya nane. Ni Manila 1975, raundi 14 za moto.

Nakubali. Bila miaka ile tungekuwa maskini wa kujua. Tena sisi Waafrika Kinshasa tunaipenda zaidi kwa sababu ilikuwa nyumbani, na mwenye nyumba huwa hasahau mgeni wa namna ile. Lakini umaskini wa kujua ungekuwa wetu sisi, si wake yeye. Mtu hapungui kwa sababu wewe hukupata kumwona. Na hata hilo la uvumilivu, ushahidi ulikuwepo tayari kwa anayetaka kuuona. Mwaka 1963 Cooper alimwangusha kule Wembley mwishoni mwa raundi ya nne. Akaamka, raundi ya tano akalimaliza pigano. Katika pigano la kwanza na Liston, raundi ya tano nzima alipigana macho yakimwasha, haoni sawasawa. Mlitaka nini tena?

Mimi nawaambia mlichotaka. Mlitaka kumwona akipigwa. Ubingwa wa Ali wa 1966 ulikuwa ni kupiga bila kupigwa, na hapo ndipo ilipokuwa sanaa yake yote. Aliporudi Oktoba 1970 miguu ilikwishapungua, ikabidi alipe kwa mbavu na kichwa. Anayesema Ali wa kweli alianza hapo anatufundisha kwamba mtu hawi mkubwa mpaka avunjwe kwanza. Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo.

Maana hamkutosheka na Kinshasa wala Manila. Septemba 1977 Earnie Shavers alimtwanga raundi 15, na daktari wake, Ferdie Pacheco, akaondoka kwenye kona yake kwa sababu alichokiona kilimtisha. Ali hakuacha. Tarehe 2 Oktoba 1980 Larry Holmes alimpiga raundi kumi mpaka kona yake ikasema yatosha. Desemba 1981 akapelekwa Nassau kupigwa na Trevor Berbick. Mwaka 1984 ikatangazwa kwamba ana ugonjwa wa Parkinson, na aliishi nao hadi alipofariki tarehe 3 Juni 2016. Sisemi konde lipi lilileta nini, hayo ni ya madaktari. Nasema hivi: kama kuendelea kunaongeza heshima, basi tuambieni Holmes na Berbick waliongeza shilingi ngapi.

Urefu wa safari huongeza na hupunguza. Mwaka huo huo wa 1980, mwezi Februari, Ali alitua Dar es Salaam akiwa ametumwa na Rais Carter kuzishawishi nchi zetu zigomee Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakumpokea. Yule aliyeikatalia serikali yake mwaka 1967 amekuja kwetu kama mjumbe wa serikali ile ile! Simtukani, binadamu ni binadamu. Nataka tu muone kwamba anayedai miaka zaidi ndipo ahukumu, achukue yote, tamu na chungu.

Tena mizani yenu haikai sawa. Rocky Marciano aliacha mwenyewe mwaka 1956 akiwa na miaka 32, mapigano 49 bila kushindwa, na mnamsifu kwa kuacha. Joe Louis aliacha 1949 akiwa ametetea ubingwa mara 25, madeni ya kodi yakamrudisha ulingoni, na 1951 huyo huyo Marciano akamwangusha mzee wa watu wa miaka 37. Mbona Louis hamumkati maksi? Na mnaponiletea Foreman aliyerudi akachukua ubingwa 1994 akiwa na miaka 45, mnanisaidia. Hakuna aliyejua. Kwa hiyo anayejifanya kujua Ali angefika wapi, au asingefika wapi, anapiga bao la mchanga.

Ramli yenyewe ilikwishapigwa, tena kwa mashine. Ali akiwa kifungoni nje ya ulingo, alirekodiwa filamu akipigana na Marciano aliyekwisha kustaafu, na ikasemwa kwamba kompyuta ndiyo iliyoamua mshindi. Januari 1970 watu wakajaza majumba ya sinema. Marekani wakamwona Marciano akishinda raundi ya 13. Ulaya wakaonyeshwa mwisho mwingine, Ali ndiye mshindi. Pigano moja, mwisho mbili, kila mteja na anachokipenda. Hiyo ndiyo hukumu ya mambo ambayo hayakutokea.

Mtaniuliza: kwani wewe inakuuma nini? Inaniuma. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa bondia wa mtaani kwetu. Alipigana mara 11, hakushindwa. Siku moja akatundika glavu, akaingia kwenye gereji kuchomelea mageti. Tulimcheka. Mimi nilikuwa mdogo na nilicheka kuliko wote. Tulimwambia amekimbia, kwamba hajapigana na mtu wa maana, kwamba 11 bila kushindwa ni namba ya mtu mwoga. Alivumilia kama mwaka mmoja hivi. Kisha akarudi. Alipigana mara tatu, na mara zote tatu tulikuwa pale tukipiga kelele.

Leo ukimwita kwa upande wa kushoto hasikii. Ukikaa naye anaweza kukuuliza mara mbili kama umekula. Hajawahi kunilaumu, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Nilikwenda kumwona mwezi uliopita, nikamuuliza kwa nini alirudi. Akasema, "Mlikuwa mnaniuliza, mdogo wangu. Nikaona niwajibu."

Kwa hiyo mimi hoja ya Kinshasa siisikii kama mnavyoisikia nyinyi. Kinshasa ilitokea, na ninafurahi kwamba ilitokea. Lakini usiku ule haukuwa deni lililokuwa linalipwa. Ali alikuwa bingwa mkubwa mwaka 1967, na kama angebaki mtu wa kuhutubia vyuoni mpaka uzeeni, akizungumza bila mkono kutetemeka, angekuwa bado ni bingwa mkubwa. Nasi tungesema "laiti tungemwona na Frazier," tukaishi na hiyo laiti yetu bila kufa.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Kwa mambo mengi walisema kweli, lakini kwa bondia aliyeondoka akiwa mzima mimi nawabishia. Lake lipo, ni yale mapigano 29. Au yale 11.

Jumamosi nakwenda kunyoa tena. Mwenye kubisha anikute, ila asubiri kwanza wembe utoke.