Wana-Sinza, Tudai Mpango wa Mtaa Wetu



Mtaa huu wa Sinza haukuota wenyewe. Miaka ya 1970 Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja hapa na Kijitonyama ili mtu wa kipato cha kawaida apate pa kujenga. Viwanja vilikuwa vidogo na nyumba zikakaribiana. Ndiyo maana leo, kutoka Mori hadi Kumekucha, mtu hununua mboga, hushona nguo na kumpeleka mtoto hospitali bila kupanda gari.

Faida hiyo inatuponyoka kadiri jiji linavyojaa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Watoto wetu wakianza maisha yao wanatafuta kiwanja Chanika au Bunju, kisha alfajiri wanagombania daladala kuja kazini. Huku nyuma uani kunabanwa vyumba visivyo na hewa, au nyumba inauzwa na kugeuzwa baa, kwa kuwa kuomba kibali cha ghorofa kwa kiwanja kimoja kimoja kunamchosha mwenye kipato kidogo.

Tuiombe Manispaa ya Ubungo ituandalie mpango wa uendelezaji upya chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Uruhusu ghorofa tatu au nne kando ya Barabara ya Shekilango na karibu na vituo vya basi: fremu za maduka chini, familia juu. Usimlazimishe mjenzi kutenga maegesho pale ambapo wapangaji wake wanapanda daladala au mwendokasi. Badala yake achangie njia ya waenda kwa miguu, mtaro uliofunikwa na taa za barabarani. Kingo za Mto Ng'ombe ziachwe wazi, maji yapate pa kupita.

Wapo wanaohofia tutageuka Kariakoo nyingine. Hofu hiyo ina msingi. Jengo lililoporomoka pale Novemba 2024 liliua watu wengi. Ndiyo sababu tunataka majengo ya kimo cha wastani, yenye kibali na yanayokaguliwa na mhandisi kila hatua. Wapangaji nao wanahofia kufukuzwa. Magomeni Kota, kaya 644 zilizohamishwa zilisubiri miaka mingi kabla ya kukabidhiwa nyumba mpya mwaka 2022. Kwetu, haki ya mpangaji kupewa notisi ya kutosha na nafasi ya kurudi iandikwe kwenye mpango kabla ukuta wowote haujabomolewa.

Kazi ianzie mtaani. Wiki hii nenda ofisi ya serikali ya mtaa, umwombe mwenyekiti aliweke suala hili kwenye ajenda ya mkutano wa wakazi. Mwenye nyumba aje, mpangaji aje, mama lishe na kijana wa bodaboda waje. Tuwaalike diwani na afisa mipango miji waje na mchoro, watuoneshe kipi kinaruhusiwa wapi, nasi tuseme tunachotaka. Muhtasari uandikwe, tuusaini, tufuatilie hadi baraza la madiwani. Na majirani wenye viwanja vinavyopakana waanze kuzungumza sasa: wawili wakijenga pamoja, gharama hupungua na nafasi ya njia hupatikana.

Siku ya mkutano usitume salamu, njoo mwenyewe. Asiyekuwapo na lake halipo.