NENO LA SIRI MOJA, WATU SABA, BARUA YA MASHTAKA KWA MMOJA



Mwezi huu tulikusudia kuandika juu ya nyumba za wafanya kazi, lakini jambo jingine limetujia mlangoni nalo haliwezi kungoja. Mwenzetu mmoja, karani katika ofisi moja ya umma ambayo hatutaitaja kwa kuwa shauri lake halijakwisha, amesimamishwa kazi kwa nusu mshahara. Kosa lake, wanasema, ni kumtukana mwananchi katika ukurasa wa ofisi, katika hii mitandao ya kijamii ambayo siku hizi kila idara inayo kama zamani ilivyokuwa na ubao wa matangazo.

Habari yenyewe ni hii. Jumamosi usiku mama mmoja aliandika katika ukurasa ule kwamba barua yake imekaa miezi minne bila jibu, akauliza aje lini. Akajibiwa, kwa jina la ofisi na mbele ya watu wote, aje akitaka, na asipotaka akae kwao. Kulipopambazuka maneno yale yalikuwa yamesomwa na watu wengi mno, na wengine wameyapiga picha na kuyasambaza. Jumatatu saa tatu karani akapewa barua ya mashtaka. Mkubwa wake alisema ukurasa ulifunguliwa kwa namba ya simu yake, basi ni yeye.

Sasa sikilizeni. Jumamosi ile karani alikuwa kwao matangani, na jamaa zake wote walimwona akibeba viti. Neno la siri la ukurasa ule walilijua watu saba: yeye, mwenzake wa mapokezi, wakubwa wawili, makarani wawili waliokwisha kuacha kazi tangu mwaka juzi, na kijana mmoja aliyekuja kujifunza kazi kwa miezi mitatu akaenda zake. Neno lenyewe lilikuwa jina la ofisi na mwaka. Hata mtoto wa darasa la nne angelikisia. Tena karani alikuwa amekwisha kuomba mara mbili kwa mdomo kwamba namba yake iondolewe iwekwe laini ya ofisi. Aliambiwa hakuna fedha ya kununua laini. Siku moja alipobadili neno la siri kwa hofu, aliitwa akaulizwa kwa nini ameiba ukurasa wa serikali! Akalirudisha.

Twauliza: mtu akiombwa kufunga mlango na funguo zake wanazo watu saba, naye akikataza anaitwa mwizi, je, usiku ule kitu kikipotea ni haki kumkamata yeye peke yake? Hata Pilato alitaka maji anawe mikono kabla. Hawa hawakutaka hata maji.

Wako wanachama watakaosema, sisi ni watu wa reli, mambo ya simu na makarani yanatuhusu nini. Yanatuhusu sana. Wakumbuke Julai 2023, wakati mtandao wa serikali wa eCitizen uliposhambuliwa na wadukuzi, hata kukata tiketi za treni kwa simu kukatatizika. Abiria hakumwona mdukuzi. Alimwona mtu mwenye sare aliyesimama langoni, naye ndiye aliyepokea maneno makali. Mambo ya mitandao yakiharibika juu, huanguka juu ya kichwa cha aliye chini, awe karani au mkata tiketi.

Wala msidhani hii ni aibu ya ofisi ndogo tu. Julai 2014 ukurasa wa Twitter wa majeshi yetu ya ulinzi, pamoja na wa msemaji wao, ulitekwa na watu wasiojulikana wakaandika humo waliyoyataka. Machi 2019 Ikulu ilitangaza kwamba kurasa rasmi za Rais zimefungwa kwa muda kwa kuwa mtu asiyeruhusiwa ameziingia. Ikiwa jeshi na Ikulu vimepatwa, ofisi ya karani wetu ni nani hata iseme haiwezi kuingiliwa?

Na nje ni vivyo hivyo. Marekani iko kamisheni isimamiayo masoko ya hisa, ofisi yenye wanasheria wengi kuliko tuwezavyo kuwahesabu. Tarehe 9 Januari 2024 ukurasa wake ulitangaza kwamba imeruhusu aina mpya ya biashara ya ile fedha ya mitandao iitwayo Bitcoin. Ulikuwa uongo, maana ruhusa ya kweli ilitoka kesho yake. Bei zikapanda na kushuka mpaka mwenyekiti alipotoa habari kwa ukurasa wake mwenyewe kwamba maneno yale si yao. Ilikuwaje? Kijana mmoja wa Alabama alitengeneza kitambulisho bandia, akaenda dukani kwa watu wa simu, akapewa laini yenye namba iliyofungiwa ukurasa ule. Akaipeleka namba ya kufungulia kwa wenzake, mlango ukafunguka. Baadaye alikamatwa, na Mei 2025 akahukumiwa kifungo cha miezi 14. Lakini angalieni hapa ndugu: ukurasa ule ulikuwa na kufuli ya pili, ile ya kuomba namba nyingine mtu akisha kuandika neno la siri. Kufuli hiyo ilikuwa imeondolewa Julai 2023 kwa ombi la ofisi yenyewe, kwa sababu iliwasumbua kuingia. Miezi sita hakuna aliyekumbuka kuirudisha.

Kila mtu wa reli amekwisha kuona jambo la namna hii. Kifaa cha usalama kinachelewesha kazi, kinafungwa kamba kwa leo tu, na leo hiyo inakuwa nusu mwaka.

Habari ya visiwa vya Hawaii inatugusa zaidi, maana ilianzia katika kubadilishana zamu. Tarehe 13 Januari 2018, saa mbili na dakika saba asubuhi, simu za watu zililia kwamba kombora linakuja nao wajifiche. Hakukuwa na kombora. Msimamizi wa zamu ya usiku alitaka kufanya mazoezi zamu zikipokezana, msimamizi wa zamu ya mchana hakuelewa vizuri, na mfanya kazi mmoja akaamini ni kweli, akatuma onyo kwa watu wote. Gavana alipata habari saa mbili na dakika tisa kwamba ni kosa, yaani baada ya dakika mbili tu. Lakini ukurasa wake haukusema neno mpaka saa mbili na dakika 24, naye mwenyewe alikiri baadaye kwamba hakujua maneno ya kuingilia katika ukurasa wake. Onyo la kusahihisha lilifika katika simu baada ya dakika 38. Watu walikuwa wamekwisha kuaga watoto wao. Na kama kwamba haitoshi, ikaonekana picha iliyopigwa ofisini humo mwaka 2017, na nyuma ya afisa anayepigwa picha kuna kikaratasi kimebandikwa kwenye kioo cha kompyuta, na neno la siri limeandikwa juu yake.

Aliyetuma onyo alifukuzwa kazi. Hatusemi hakukosa. Lakini mkuu wa idara ile naye alijiuzulu, na hilo tunalitaja makusudi, kwa kuwa huku kwetu barua hushuka ngazi tu, haipandi.

Sasa tuseme juu ya kazi tuijuayo. Katika njia ya reli ya zamani dereva haondoki stesheni kwa sababu amesikia kwamba njia ni nyeupe. Anapewa karatasi ya ruhusa, nayo ina namba, saa, na sahihi ya aliyeitoa. Mwenye zamu akimaliza, anaandika katika kitabu ameacha nini, na anayeingia anatia sahihi kwamba amepokea. Likitokea neno, kitabu kinafunguliwa na ukweli unaonekana bila kupiga kelele. Babu zetu katika kazi hii walilaumiwa kwa mengi, lakini hawakulaumiwa kwa treni waliyopishana nayo wakiwa wamelala nyumbani, maana kitabu kilisema.

Hayo ndiyo tunayoyataka kwa kurasa za ofisi za umma, na si jambo la gharama. Kila anayeandika kwa jina la ofisi aingie kwa jina lake na neno lake la siri, maana iko mitambo inayoruhusu watu wengi kuendesha ukurasa mmoja bila kupeana neno moja. Mtu akihamishwa au akiacha kazi, jina lake litolewe siku hiyo hiyo, kama anavyorudisha funguo na kofia. Namba ya simu iwe ya ofisi, laini ilipiwe na ofisi, nayo ikae kwenye kabati lenye kitabu. Kufuli ya pili iwekwe, na anayetaka kuiondoa aandike sababu na atie sahihi. Na ijulikane mapema ni nani mwenye ruhusa ya kusahihisha uongo ukitokea usiku wa manane, ili tusije tukatafuta neno la siri huku watu wanakimbia.

Kuna jambo la saa za kazi pia, nalo wakubwa hawapendi kulisikia. Ukurasa haulali. Mwananchi anauliza saa nne usiku na mkubwa anataka ajibiwe saa nne na dakika tano. Anajibu nani? Yule yule karani aliyeanza saa mbili asubuhi, kwa simu yake, kwa bando alilonunua mwenyewe, amekaa kitandani na mtoto analia. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema mwajiri apange saa za kazi, na mfanya kazi apate siku moja ya kupumzika katika siku saba. Kujibu watu ni kazi. Ikiwa yataka kufanywa usiku, iwe na zamu na malipo, kama ilivyo kwa mtu wa ishara. Mchovu ndiye hukosea, na mchovu ndiye hutukana.

Tusiwafiche ndugu: na sisi tuna makosa yetu. Wako wanachama wanaopiga picha behewa lililoanguka kabla hata ya kuuliza kama kuna aliyeumia, wakazitia mitandaoni. Wako wanaotuma orodha ya abiria yenye majina na namba za simu katika kikundi cha WhatsApp chenye watu 200, kwa kuwa ni rahisi kuliko kuipeleka kwa mkono. Tangu mwaka 2019 tunayo Sheria ya Kulinda Data, na namba ya simu ya abiria si mali yetu ya kutapanya. Tena iko Sheria ya Makosa ya Kompyuta ya mwaka 2018, ambayo ilipotungwa ilisema mtu akitangaza uongo kwa makusudi aweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 5 au kufungwa, au yote mawili. Chama hakitaweza kumkinga mtu aliyeandika uongo akijua ni uongo. Na yeyote akipigiwa simu na mtu mwenye sauti tamu anayejiita wa ofisi kuu, akiombwa ile namba iliyotumwa sasa hivi katika simu yake, asiitoe. Ofisi kuu ya kweli haiiombi.

Lakini kusema maoni yako kwa jina lako, nje ya saa za kazi, bila kutukana na bila kutoa siri za watu, hilo ni haki yako. Katiba ya mwaka 2010 imeliandika katika kifungu cha 33. Tumesikia ofisi nyingine zinawataka wafanya kazi watie sahihi karatasi ya kuahidi kwamba hawataandika neno lolote popote. Msiitie sahihi kabla hamjaileta kwa mjumbe wenu wa tawi aisome.

Turudi kwa karani wetu. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinasema kwamba kabla ya mtu kuachishwa kwa ajili ya utovu wa nidhamu, mwajiri amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, naye ana haki ya kuwa na mfanya kazi mwenzake au mjumbe wa chama chake, na wote wawili wasikizwe. Kifungu cha 43 kinamtaka mwajiri athibitishe sababu yake. Katika kikao cha kwanza mjumbe wetu aliuliza swali moja tu: Jumamosi usiku, saa ile, ni simu gani iliyokuwa imeingia katika ukurasa? Wakubwa walitazamana. Jambo hili laweza kutazamwa katika akaunti yenyewe, lakini hakuna aliyekuwa amelitazama. Wakaomba wapewe siku 14.

Siku hizo zinakwisha Ijumaa ya wiki ijayo. Karani atakwenda na mjumbe yule yule, na katibu wa tawi atakuwapo. Wanachama wanaoendesha kurasa za ofisi zao kwa namba zao wenyewe za simu walete majina yao kwa katibu kabla ya siku hiyo, tuyapeleke pamoja katika barua moja. Mpaka karatasi hii ilipokuwa inatoka mashineni tulikuwa tumepata majina 11.