Vichupo kwenye programu ya mafaili: ndiyo, lakini...

Leo naandika nikiwa Litein. Mvua ya alasiri imeanza kama ilivyo kawaida ya huku Kericho, na stima bado ipo, kwa hivyo niwahi kabla haijapotea.

Swali la leo: je, programu ya mafaili kwenye kompyuta iwe na vichupo kama vya kivinjari cha intaneti? Mwenzangu mmoja ninayeandika naye programu ananicheka. Anasema mjadala huo ulikwisha zamani: Konqueror ilikuwa na vichupo tangu 2003, Nautilus ya GNOME ikavipata 2008, Finder ya Apple 2013, na Windows 11 ikafuata Oktoba 2022. Tarehe zake ni sahihi. Lakini mimi nasema mjadala haujaisha, na sababu yangu ni kilo za majani chai.

Kuna kikundi cha wakulima wadogo hapa karibu kinachojiwekea hesabu yake. Mkulima akipima majani kituoni anapewa risiti. Katibu huziingiza kilo hizo kwenye kompyuta, ili bonasi ikitoka kila mtu alinganishe alichopeleka na alicholipwa. Skrini yao ni ndogo, na madirisha manne yakifunguliwa hakuna anayejua lipi ni lipi. Ni mimi niliyewafundisha vichupo. Nilijisifu kweli!

Mwanzoni mwa Aprili 2024 katibu alitaka kuweka nakala ya hesabu za Machi kwenye flashi. Flashi ilikuwa tayari na folda ya Machi, aliyoinakili katikati ya mwezi. Akafungua vichupo viwili, kimoja cha kompyuta na kingine cha flashi. Cha kwanza kimeandikwa "Machi". Cha pili je? "Machi"! Akanakili kutoka flashi kwenda kwenye kompyuta badala ya kinyume chake. Kompyuta ikauliza kama faili lililopo libadilishwe, akakubali. Wiki mbili za kilo zikafutika.

Tulikaa siku mbili tukiingiza risiti upya. Mama mmoja risiti zake zilikuwa zimelowa, hazisomeki. Kwenye daftari letu wiki zake mbili ni tupu hadi leo, na bonasi ilipokuja hakuwa na cha kulinganisha nayo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi daftari tulikuwa nalo!

Utasema kosa ni la katibu. Mimi naona kosa ni la mpango wenyewe. Kwenye kivinjari, kichupo kinatosha kwa sababu unasoma ukurasa mmoja, kisha unahamia mwingine. Kazi ya mafaili mara nyingi ni kutoa kitu hapa na kukiweka pale, na huwezi kuifanya salama kama upande mmoja umefichwa. Mchuma chai hurusha majani mgongoni bila kugeuka kwa sababu kapu ni moja. Mfungie makapu mawili, uone kama hatageuka.

Waliotutangulia walilijua hili. Norton Commander ya mwaka 1986 iliweka folda mbili ubavu kwa ubavu, kwenye skrini za maandishi matupu. Leo Dolphin ya KDE ina vyote viwili: vichupo, na kitufe cha F3 kinachogawa dirisha katikati. Huo ndio mfano wa kufuata.

Kwa hivyo jibu langu ni ndiyo, vichupo viwepo. Vinaokoa nafasi kwenye skrini ndogo, na anayetembelea folda sita kwa siku anavihitaji. Lakini visije peke yake. Vichupo viwili vikiwa na jina moja, programu ionyeshe pia folda ya juu yake au jina la diski. Na kugawa dirisha kuwe kitufe kimoja tu.

Kwa sasa, ukiwa na Windows, fungua madirisha mawili, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na mshale wa kushoto kwa moja, wa kulia kwa lingine. Na folda ya flashi usiiite "Machi". Iite "Machi-nakala". Katibu wetu anafanya hivyo siku hizi, na mimi pia.

Stima imepepesa. Tuonane wiki ijayo!