Imbwa, kobalti na muguu wa mufanyakazi



Muguu ukivunjika vibaya ku mine, munganga anasema plasta haitatosha, inaomba kutia plaki ya chuma na visi. Jamaa inaanza kukimbia kutafuta franga. Ikikosa, mufanyakazi anabaki kilema. Tunataka kuongea juu ya kile chuma, kwani historia yake inatugusa.

Zamani wanganga walitia chuma mu mufupa kwa kubahatisha. Visi zililegea, mufupa ukaharibika. Mu 1937, wanganga wa San Antonio, kule Marekani, Charles Venable na Walter Stuck, walitangaza kazi waliyofanya na imbwa. Waliwatia vyuma mbalimbali mu mifupa, kisha wakachunguza. Walivumbua nini? Vyuma viwili vya namna tofauti, vikikutana mu maji ya mwili yenye chumvi, vinatoa kuran sawa pile ya torshi. Kuran inakula chuma, na mufupa wa pembeni unaharibika. Chuma kimoja kilikaa kimya: Vitallium, mchanganyiko wa kobalti, kromu na molibdeni. Na kobalti njo iko mingi ndani.

Ndiyo, kobalti, ile tunatoa hapa kila siku! Mpaka leo mchanganyiko wa namna ile unatumika kutengeneza goti na nyonga za bandia. Na nyama wangali wanafundisha wanganga. Kitu kipya cha kujaza mufupa kinajaribiwa kwanza kwa panya na sungura. Lakini mufupa wa panya unapona mbio, hautoshi kutoa jibu. Njo maana wanafika kwa kondoo, juu uzito wake unakaribia wa mtu.

Wengine wanauliza: ni haki kuumiza nyama juu ya watu? Hatucheki ile ulizo. Zile imbwa hazikuombwa ruhusa. Lakini kama ziliumia, na mafunzo yao yanabaki mu vitabu vya Ulaya, na mwenye kuchimba kobalti anatembea na fimbo, basi ziliumia bure.

Sheria iko. Kodi ya kazi inalazimisha mwajiri kutunza mufanyakazi mwenye kugonjwa ao kupata aksida, pamoja na jamaa yake. Plaki na visi ni matunzo, hazikuwe zawadi ya mukubwa. Kwa hiyo tunaomba mambo tatu. Moja, kompanyi ilipe chuma mbele ya operasyo, jamaa isichange franga. Mbili, muulize munganga: plaki na visi ni chuma ya namna moja? Ile ulizo ilitoka kwa imbwa wa 1937, musiogope kuiuliza. Tatu, jina ya chuma iandikwe ku karatasi ya lopitali, na mufanyakazi arudie kufanya radio bila kulipa.

Mwenye kukataliwa asinyamaze. Alete karatasi zake kwa delege wa sendika, hata kama aksida ni ya mwaka jana.